Kucha Zenye Nguvu na Namna ya Kuzitunza

Mama mumoja anakuja hospitalini asubuhi. Anaonyesha mukono wake na kusema: «Munganga, kucha zangu zinavunjika kila siku. Nikifua nguo, zinapasuka. Nikimenya mihogo, zinajikunja. Rafiki yangu wa muji alinipa rangi ya kuzipaka, lakini chini ya rangi zinaendelea kuvunjika. Nipe dawa ya kucha.»

Munganga hamupi dawa mara moja. Anashika vidole vyake, anatazama kucha moja moja. Kisha anavuta chini ngozi ya jicho na kutazama ndani. Halafu anauliza maneno ambayo mama hakuyangojea: «Mama, unachoka ukipanda mulima? Moyo unapiga mbio? Shambani unavaa viatu? Nyumbani kuna choo? Jana mulikula nini?»

Mama anashangaa. Anafikiri: «Nimekuja kwa ajili ya kucha. Mbona ananiuliza habari za choo?»

Watu wengi wangeshangaa kama mama huyu. Fundisho hili ni jibu kwao. Ukilisoma hata mwisho, utajua namna ya kutunza kucha zako ziwe na nguvu, na utajua vilevile kwa nini munganga anauliza habari za choo.

1. UKUCHA NI NINI?

Ukucha hauna damu ndani yake, wala hauna maumivu. Ndiyo sababu unaweza kuukata bila kulia. Umefanywa kwa kitu kilekile kinachofanya nywele zetu, kwato za ngombe na pembe za mbuzi.

Lakini ukucha una muzizi, na muzizi huo ni hai. Umefichwa chini ya ngozi, nyuma ya ukucha. Tazama kidole gumba chako. Watu wengi huona pale sehemu nyeupe yenye umbo la mwezi mwandamo. Huo ndio mwisho wa muzizi unaoonekana.

Kila siku muzizi hutengeneza ukucha mupya na kusukuma ule wa zamani mbele, kama vile mugomba unavyosukuma jani jipya kutoka ndani. Ukucha wa mukono huenda mbele karibu milimita 3 kwa mwezi. Kutoka muzizi hata ncha, unahitaji karibu miezi 6. Ukucha wa muguu ni mwenye kukawia: unahitaji miezi 12 hata 18.

Kwa hiyo tunajifunza mambo mawili.

La kwanza: ukitaka mugomba uwe na majani mazuri, humwagi mbolea juu ya jani. Unaiweka chini penye mizizi. Ukucha ni vilevile. Unachopaka juu hakiulishi. Unalishwa na damu inayofika kwenye muzizi, na damu inalishwa na chakula.

La pili: ni lazima kuvumilia. Kipande kinachovunjika leo kilitoka kwenye muzizi miezi mingi iliyopita. Hakuna dawa ya kukigeuza kwa juma moja.

Tazama tena ngozi nyembamba inayoshika ukucha pale unapotokea. Ngozi hii ni kama udongo unaoziba nafasi kati ya mulango na ukuta. Inazuia mikrobe zisiingie kwenye muzizi. Usiikate wala usiivute.

Kama unaona madoa madogo meupe juu ya ukucha, usiogope. Mara nyingi ni alama ya kugongwa kidogo tu. Yatasogea mbele pamoja na ukucha, na siku moja utayakata.

2. CHAKULA KINACHOJENGA UKUCHA

Bugali wa mihogo hushibisha tumbo na kutia nguvu ya kulima. Lakini ndani yake vitu vya kujenga mwili ni vichache sana. Mutu anayekula bugali na chumvi tu kila siku atakuwa na tumbo lililojaa na mwili wenye njaa. Nywele zake na kucha zake zitakuwa dhaifu. Tunaona hivi kwa watoto wenye kwashiorkor: nywele zao hugeuka rangi na kukatika, na kucha zao ni nyembamba na laini.

Basi, pamoja na bugali weka chakula cha kujenga mwili: maharagi, karanga, soya, mayai, nyama, samaki. Usidharau samaki wadogo, kama ndakala wa Tanganyika na sambaza wa Ziwa Kivu. Usidharau vilevile viwavi vinavyoliwa na kumbikumbi. Wazee wetu walijua faida yao.

Damu inahitaji chuma. Si chuma cha musumari; ni chuma kilicho ndani ya chakula. Chuma hiki ndicho kinachofanya damu iwe nyekundu na kuiwezesha kubeba hewa safi hata kwenye muzizi wa ukucha. Kimo kwa wingi ndani ya ini na nyama nyekundu. Kimo vilevile ndani ya maharagi na majani ya mboga, kama sombe na lengalenga, lakini chuma cha majani huingia mwilini kwa shida. Ukila machungwa, mapera, papai au ndimu pamoja na chakula hicho, matunda hayo yanasaidia chuma kuingia. Chai na kahawa hukizuia. Usinywe chai pamoja na sombe au maharagi. Ngoja saa moja.

Baba za jamaa, sikieni neno hili. Katika nyumba nyingi nyama na samaki hupewa baba kwanza, na mama na watoto hupata muchuzi. Lakini mama mwenye mimba anajenga damu ya watu wawili, na mutoto anajenga mwili mupya kila siku. Kama kipande ni kimoja, kikatwe hata wao wapate.

3. MINYOO INAYOKUNYWA DAMU

Mutu anaweza kula vizuri na bado kukosa damu, kwa sababu kuna mwizi ndani ya tumbo. Mwizi huyu ni munyoo wa safura. Ni mudogo, urefu wake ni karibu sentimita 1.

Mutu mwenye munyoo huu akijisaidia porini au kando ya shamba, mayai hutoka katika choo chake. Udongo wenye joto, kivuli na unyevu unayafaa sana. Watoto wadogo wa munyoo hutoka katika mayai hayo na kungoja udongoni. Mutu akipita bila viatu, wanatoboa ngozi ya muguu. Pengine anasikia kujikuna tu kati ya vidole. Wanaingia katika damu, wanapita katika mapafu, wanapanda hata kooni, mutu anawameza bila kujua, nao wanashuka katika matumbo. Pale wanajishikiza na kunyonya damu kwa miaka.

Munyoo mumoja hunyonya kidogo sana. Lakini mia moja, mia mbili, mia tano wakinyonya usiku na muchana, damu inapungua, na chuma kinaondoka pamoja na damu. Mutu anachoka, kichwa kinazunguka, moyo unapiga mbio. Na kucha zake zinasema habari hiyo. Kwanza zinakuwa nyeupe badala ya rangi ya damu. Kisha zinakuwa nyembamba na kuvunjika. Baadaye zinalala kama ubao. Mwisho zinabonyea katikati kama kijiko, hata tone la maji linaweza kukaa juu yake bila kuanguka.

Sasa unajua kwa nini munganga aliuliza habari za choo na viatu.

Ugonjwa huu una dawa. Munganga atapima choo na damu. Atatoa dawa ya minyoo, kama albendazole au mebendazole, na vidonge vya chuma vya kumeza kwa miezi. Usiviache kwa sababu unasikia nguvu baada ya juma mbili; ghala la chuma mwilini linajaa polepole. Vinaweza kufanya choo kuwa cheusi, usiogope. Viweke mbali na watoto, kwa sababu mutoto akimeza vingi anaweza kufa. Mama mwenye mimba aseme hivyo kabla ya kupewa dawa ya minyoo, zaidi sana kama mimba haijapita miezi 3.

Lakini dawa bila choo ni kama kuchota maji kwa kikapu. Chimba choo chenye shimo refu, kifunike, na watu wote wa nyumba wakitumie. Vaa viatu shambani, hata vya plastiki.

Jua vilevile kwamba minyoo si sababu pekee ya kukosa damu. Malaria huharibu damu. Damu nyingi ya mwezi na kuzaa watoto wanaofuatana mbio humaliza chuma cha mama. Kwa hiyo usinunue vidonge sokoni kwa kukisia. Njoo upimwe.

4. MAJI, SABUNI NA KAZI ZA MIKONO

Si kila ukucha unaovunjika ni alama ya ugonjwa. Mara nyingi sababu ni kazi. Ukucha hunywa maji na kuvimba kidogo, ukikauka, unajikaza. Ukivimba na kujikaza mara nyingi kila siku, unapasuka na kubanduka kama karatasi zilizolowa. Wanaofua nguo, wanaoloweka mihogo, wanaouza samaki na wanaotengeneza sabuni hupata taabu hii.

Fanya hivi:

(a) Ukimaliza kazi ya maji, osha sabuni yote itoke, kisha pangusa mikono na kitambaa kikavu, hata kati ya vidole.

(b) Paka mafuta kidogo juu ya kucha na pembeni: vaselini, au mafuta ya mawese. Mafuta hayalishi ukucha, lakini yanazuia usikauke upesi.

(c) Ukishika soda ya kutengenezea sabuni au dawa kali ya kuosha, vaa mifuko ya mikono ya mpira.

(d) Usitumie ukucha kama kisu. Usifungue nao mukebe, wala usikwangue nao sufuria.

5. KUKATA NA KUSAFISHA

Ukucha mufupi hauvunjiki upesi, na uchafu haupati mahali pa kujificha. Kata kucha za mikono kila juma, baada ya kuoga, wakati zikiwa laini. Kata kwa kufuata umbo la kidole, kisha sugua ncha ziwe laini zisishike nguo. Kucha za miguu uzikate sawasawa kwa mustari ulionyoka. Usichimbe pembeni, ukichimba, ukucha unaweza kukua ndani ya nyama na kuleta usaha.

Kila mutu awe na wembe wake au mukasi wake. Wembe unaopita kutoka mutu hata mutu unaweza kubeba damu isiyoonekana, na katika damu hiyo virusi vya SIDA au vya ugonjwa wa ini unaoitwa hepatiti B.

Wazazi, tazameni kucha za watoto. Kuna minyoo midogo myeupe ambayo hutoka usiku na kutaga mayai kwenye njia ya haja kubwa. Mutoto anasikia kujikuna, anajikuna, mayai yanaingia chini ya kucha. Asubuhi anatia vidole kinywani, na minyoo inarudi tumboni. Unaweza kumupa dawa leo, na kesho kucha zake ndefu zitamurudishia ugonjwa. Kata kucha zake, umuoshe mikono kwa sabuni anapoamka, anapotoka chooni na kabla ya kula.

Mutoto anayetafuna kucha asipigwe. Mara nyingi hajui kwamba anatafuna. Weka kucha zake fupi, ongea naye kwa upole, mupe mikono yake kazi ya kufanya.

Na ninyi mama wenye kusaidia wengine kuzaa, na ninyi wenye kutunza wagonjwa: chini ya ukucha murefu mikrobe hubaki hata baada ya kunawa. Mwaka 2009 Shirika la Afya la Dunia lilitoa mashauri kwamba kila mutu anayetunza wagonjwa asivae kucha za bandia, na ncha za kucha zake ziwe fupi kuliko nusu ya sentimita.

6. USAHA KANDO YA UKUCHA

Mutu akivuta ngozi ya pembeni, akitafuna kucha, au akichomwa na mwiba, mikrobe huingia. Kidole kinavimba kando ya ukucha, kinakuwa na moto na kupigapiga usiku.

Siku ya kwanza, loweka kidole katika maji safi yenye moto wa kadiri kwa dakika 15, mara 3 au 4 kwa siku, na ukikaushe vizuri. Kama usaha umekusanyika, au wekundu unapanda mukononi, au una homa, njoo hospitalini upesi. Usipasue mwenyewe kwa wembe. Usipake mavi ya ngombe wala udongo. Pepopunda inakaa humo, nayo inaua. Uliza vilevile kama chanjo yako ya pepopunda inatosha.

Mutu ambaye mikono yake iko ndani ya maji kila siku anaweza kupata uvimbe usiokwisha kwa miezi. Dawa ya kwanza kwake ni kukausha mikono.

Kama ukucha unakuwa munene, wa rangi ya manjano na kumomonyoka kama unga, pengine ni kuvu. Mara nyingi huanza miguuni ndani ya viatu vyenye unyevu. Inaweza kutibiwa, lakini kwa miezi mingi, kwa sababu ni lazima kungoja ukucha mupya.

7. RANGI NA KUCHA ZA BANDIA

Kupenda mikono mizuri si kosa. Lakini tusidanganyike: rangi haiongezi nguvu ya ukucha. Dawa ya kuitoa hukausha ukucha. Kucha za bandia ni mbaya zaidi, kwa sababu ukucha halisi hukwanguliwa ili gundi ishike, na zikibanduliwa huondoka na tabaka la juu. Maji yakiingia chini yake, mikrobe na kuvu hupata nyumba.

Tena rangi inaficha dalili. Mugonjwa akiletwa katika hatari, munganga hufinya ukucha uwe mweupe, kisha huuachilia na kuhesabu. Kwa mutu muzima rangi ya damu hurudi kabla ya sekunde 2. Ikikawia zaidi ya 3 kwa mutoto, huenda damu haizunguki vizuri. Kuna vilevile kifaa kidogo kinachobana kidole na kupima hewa katika damu. Rangi ya kucha inaweza kukidanganya. Kwa hiyo kabla ya kuzaa au kupasuliwa, futa rangi yote.

8. ALAMA ZA KULETA HOSPITALINI

Kucha zote nyeupe, pamoja na uchovu: njoo upimwe damu.

Kucha za rangi ya buluu, pamoja na kuhema kwa shida: njoo sasa hivi, hata usiku.

Ncha za vidole zimevimba kama kirungu cha kupigia ngoma, na kucha zimepinda: pengine ni ugonjwa wa mapafu au wa moyo wa siku nyingi.

Mustari mweusi: kwa watu wenye ngozi nyeusi, mistari ya namna hii katika kucha kadhaa ni kawaida. Lakini kama ni mumoja tu, ni mupya, unapanuka, au weusi umeingia katika ngozi ya pembeni, uonyeshe bila kukawia. Inaweza kuwa kansa.

Mufereji unaopita kwa upana katika kucha zote: ni alama kwamba muzizi ulisimama kazi wakati wa ugonjwa mukali. Pima kutoka ngozi. Kama uko milimita 6, ugonjwa ulikuwa karibu miezi 2 iliyopita. Mufereji huu hauna hatari tena. Utakwenda mbele na kukatwa.

9. MAMA YULE

Sasa turudi kwa mama wetu. Damu yake ilipimwa, ikaonekana haba. Katika choo chake yalionekana mayai ya safura. Hakupewa dawa ya kupaka. Alipewa dawa ya minyoo, vidonge vya chuma, na shauri la kupeleka kwa mume wake: wachimbe choo kabla ya mvua.

Baada ya mwezi mumoja kucha zake bado zilivunjika, lakini alipanda mulima wa kisima bila kupumzika. Baada ya miezi 3 aliona karibu na ngozi ukucha mupya, wenye rangi ya damu, usiobonyea. Mbele yake ule wa zamani, mwembamba na mweupe. Kila juma alikata kidogo cha zamani. Mwezi wa 6 hakikubaki. Na watoto wake, waliotibiwa siku ileile, waliacha kusinzia shuleni.

Kama angepewa rangi nzuri tu, kucha zake zingeng'aa, na damu yake ingeendelea kupungua chini ya rangi. Angeweza kufika siku ya kuzaa bila damu ya kutosha, na pale hakuna rangi inayosaidia.

Basi, leo jioni tazama kucha zako kwenye mwanga. Tazama vilevile za watoto wako. Finya moja, uiachilie, uone kama damu inarudi upesi.

MAULIZO

1. Ukucha wa mukono unaenda mbele milimita ngapi kwa mwezi?
2. Kwa nini dawa ya kupaka haiwezi kuulisha ukucha?
3. Taja vyakula 3 vyenye chuma vinavyopatikana katika kijiji chako.
4. Munyoo wa safura unaingia mwilini kwa njia gani? Tutauzuia namna gani?
5. Kwa nini tufute rangi ya kucha kabla ya kuzaa au kupasuliwa?
6. Katika nyumba yako, nani anapewa samaki kwanza?